Tangulia, Nikutazame

Tulimzika Kabula Mikumi, Jumamosi, baada ya mvua ya asubuhi kukatika. Mchungaji alikuwa na sauti ndogo, na malori ya barabara kuu hayakuwa na habari ya msiba wetu, kwa hiyo nilisogea mpaka nikampa sikio langu la kulia, ambalo ndilo pekee nililo nalo. Alisema marehemu aliugua muda mrefu na alivumilia. Hakusema aliugua nini. Wengi waliokuwapo hawakujua. Waliojua kidogo walisema ni kichwa, na wengine wakasema ni macho, kwa sababu miaka yake ya mwisho alikuwa haoni. Mimi nilijua. Kati ya watu wote waliosimama kwenye tope lile, mimi peke yangu nilikuwa na ugonjwa uleule, nimeambiwa maneno yaleyale na daktari yuleyule. Mimi nilikwenda kukatwa, yeye hakwenda. Na sababu ya yeye kutokwenda ninayo mpaka leo, natembea nayo usoni kila ninapotoka nyumbani.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi hapa Kilosa. Nilikuwa mchumba wa Hamisi, karani wa stesheni, kijana mpole aliyetembea polepole kuliko watu wote wa mji huu. Ugonjwa ulianza kwa simu. Nilizoea kupokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia kila mara ulikuwa na chaki, nikawa nawaambia watu kwamba simu zao zinakatika. Hamisi akanibadilishia simu; nayo ikawa inakatika. Kisha watoto wa upande wa dirishani wakaacha kusoma kwa sauti, au ndivyo nilivyodhani, nikawa nawahimiza, "Pazeni sauti, sisikii!" nao wanapasua koo, ba, be, bi, bo, bu, mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kuna nini. Halafu wakaja nyenje. Watu wa Kilosa tunawajua nyenje. Wakati wa joto wanaimba kwenye miti mpaka unasahau kwamba wanaimba. Hawa wangu hawakunyamaza masika wala kiangazi, na walikuwa ndani ya kichwa, upande mmoja tu.

Mjomba wangu alisema ni jini. Akamleta shehe kutoka Zombo, mzee mkweli, ambaye alinisomea kwa utulivu mchana kutwa, akanywa chai, halafu akamwambia mama, "Mimi nimesoma, na Mungu amesikia. Lakini mpelekeni hospitali vilevile." Hospitali walinisafisha nta, wakanipa matone. Nyenje wakaoga, wakaendelea kuimba. Kisha nikaanza kupepesuka. Jioni moja tulikuwa tunatembea na Hamisi kando ya reli, na kila hatua kadhaa namgonga bega. Akacheka kwa aibu. "Zena, watu wanatuona," akasema. Nikamwambia, "Si wewe ninayekutaka, ni njia inainama." Tulicheka sote wawili, na nakumbuka kicheko kile vizuri kwa sababu nilikicheka kwa mdomo mzima. Siku chache baadaye nilianguka darasani mbele ya watoto, bila kujikwaa kwenye kitu chochote. Ndipo nikapelekwa Morogoro, na Morogoro wakaniandikia kwenda Dar es Salaam, kwenye mashine ile ya MRI inayogonga kama mtu anayevunja ukuta.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno. Aliweka picha ya kichwa changu kwenye taa, akanionyesha kidoa cheupe, kama punje ya karanga iliyosahauliwa kwenye kona.

"Mwalimu, uvimbe huu si saratani," alisema. "Hausambai. Hautakwenda kwenye mapafu wala kwenye ini."

"Kwa hiyo nitapona?"

"Nimesema si saratani."

"Nimesikia, daktari. Nauliza kama nitapona."

Akavuta kiti akakaa upande wangu wa kulia, na hapo nikajua jibu. Alinieleza kwamba mshipa wa kusikia na mshipa unaoendesha uso hupita pamoja kwenye tundu moja la mfupa, na uvimbe wangu ulikuwa umeota humohumo, umeiegemea yote miwili. Akanipa njia tatu. Ya kwanza, kungoja na kupima tena baada ya miezi: uvimbe mwingine husinzia miaka mingi, mwingine hukua mpaka ukaubana ubongo. Ya pili, kisu: sikio la kushoto lingekufa kabisa, hilo alikuwa na hakika nalo, na uso ungeweza kulala upande mmoja, hilo hakuwa na hakika nalo. Ya tatu, mionzi ya kulenga uvimbe bila kupasua, ambayo kwa wakati ule ilikuwa India. Alipotaja India alitazama kanga yangu na pochi yangu, akaipita haraka, kama mtu anayetaja chakula mbele ya watu waliofunga.

"Ungekuwa wewe, daktari, ungechagua ipi?"

"Ningekuwa mimi ningeogopa kwanza," alisema. "Halafu ningechagua." Kisha akasema kwamba kuna mgonjwa wake mwingine kutoka wilaya yangu, mama mmoja wa Mikumi, mwenye uvimbe kama huu, mkubwa zaidi kidogo. Akampigia simu palepale kuomba ruhusa, akanipa namba. Katika yote niliyopewa siku ile, namba ile ndiyo iliyonifaa.

Nilirudi Kilosa na maneno mawili, si saratani, nayo yalinitangulia nyumbani. Mama alikuwa amekwishapika pilau. Majirani walikuja, mmoja na sahani ya visheti, mwingine na kuku aliyefungwa miguu, wakanikumbatia, wakapiga vigelegele uani. Niliketi kwenye mkeka katikati yao, nyenje wakiimba kushoto, vigelegele vikipigwa kulia. Tangu siku ile sikuruhusiwa kuogopa. Nikisema naogopa, naambiwa, "Mshukuru Mungu, mtoto wa fulani alikuwa nayo yenyewe." Nikikataa chakula, naambiwa nakufuru. Nimefikiri sana juu ya jambo hili tangu hapo. Mwenye ugonjwa wenye jina baya huachiwa kitanda chake na machozi yake. Wangu ulikuwa na jina zuri, kwa hiyo nililia chooni, bomba likiwa wazi.

Nilikwenda Mikumi mara ya kwanza kwa basi la asubuhi linalopita kijiji cha Ulaya. Kabula alikuwa na banda la chakula mahali malori yanapoegeshwa. Alikuwa Msukuma, mrefu, ameniacha kwa miaka kama kumi, mumewe akichunga ng'ombe wa ukoo mbali huko mabondeni na kurudi mara chache. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada," akaitika, "Marahaba, mwalimu, karibu," tukakaa kwenye benchi nyuma ya banda, kwenye chumba kidogo cha mabati chenye magunia ya mkaa na kitanda cha kamba. Nikaanza kueleza. Akasema, "Eh?" Nikarudia. Akasema neno, nami nikasema, "Eh?" Tuliendelea hivyo mpaka binti yake mdogo, Limi, aliyekuwa anajifanya kuchambua mchele mlangoni, akaanza kutucheka. Kumbe sikio bovu la Kabula lilikuwa la kulia, langu la kushoto, na tulikuwa tumekaa bovu kwa bovu. Tukabadilishana nafasi. Masikio yetu mazima yakakutana katikati, na hatukuhitaji tena kupaza sauti.

Alinipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kwao hupelekwa safari ndefu, akavichemsha na karanga. Akaniambia mambo ambayo daktari hakuyasema. Kwamba nitaacha kupenda shughuli za watu wengi, kwa sababu sikio moja halijui kuchagua sauti. Kwamba nisivuke barabara kwa kusikiliza, nivuke kwa kutazama, kwa sababu sikio moja halikuambii lori linatoka wapi. Yeye alikuwa ameambiwa angoje, akangoja miaka miwili, uvimbe ukakua, na sasa daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba umefika pa kukatwa.

"Utakwenda?" nikamuuliza.

"Naweza kwenda," alisema. "Naweza nisiende. Nina watoto watatu, na mteja hali kwa mama mwenye mdomo uliopinda. Ukiona mpishi anadondosha mate, wewe utakula?" Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa shavuni. "Sikio nimelitoa, mwalimu. Nimemwambia Mungu alichukue. Uso sijamwambia."

Nilikwenda tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Mama alidhani nina mganga kule. Mganga kweli, maana katika chumba kile cha mabati nilikuwa mgonjwa kwa saa chache. Tulizipima zile njia tatu kama wanawake wanavyopima mchele, tunapepeta, tunarudisha, tunapepeta tena. Mionzi tuliipenda sana. Tulikuwa tukiizungumza kama watoto wanavyozungumza nyumba watakayojenga: tungekwenda pamoja, tungekaa chumba kimoja, Kabula angebeba unga wake. Lori likipita masufuria yalitetemeka ukutani, na tulikuwa tukingoja yatulie ndipo tuendelee. Kungoja, Kabula alisema, ni sawasawa na kuishi na nyoka darini. "Anaweza asishuke. Lakini wewe hulali." Na kisu tulikiacha mwisho kila mara, na kila mara muda wa basi ulifika tukiwa hatujakimaliza.

Nyumbani shauri lilikuwa likiendelea bila mimi. Nyumba yetu haikuwa na dari, maneno yalipita juu ya kuta kama moshi. Watu walinizoea kuwa kiziwi, wakasahau kwamba ni upande mmoja. Alasiri moja nilijilaza, sikio bovu kwenye mto, zima juu, na nikamsikia shangazi yake Hamisi sebuleni akiongea na mama kwa adabu zote, kijiko kikigonga kikombe.

"Binti hatumkatai," alikuwa akisema. "Ni binti mwenye heshima. Tunachosema ni hiki: aolewe kwanza. Azae. Hicho kisu kije baadaye, akiwa kwake."

"Na uvimbe ukimzidi huko kwenye kungoja?" mama akauliza.

"Si wamesema si saratani?"

Nilisikia mama anamimina chai. Kisha shangazi akateremsha sauti, na nikainua kichwa kutoka kwenye mto. "Dada, tuseme ukweli wa wanawake. Mwanamume anaweza kuishi na mke asiyesikia, wengine watafurahi. Lakini uso ndio anaoamka nao."

Nilimsimulia Hamisi maneno hayo tukiwa stesheni, kwenye benchi la abiria. Alikasirika kwa niaba yangu, akasema yeye si shangazi yake. Akasema tungoje, lakini si kwa ajili ya shangazi. Tungoje kwa sababu pengine uvimbe ungelala. Niliona kwamba alikuwa amefika palepale kwa njia nyingine, na niliona pia kwamba hakujua. Sikumchukia. Hata mimi nilikuwa napenda uso wangu. Ulikuwa uso wa kawaida, mashavu ya kwetu, mwanya mdogo. Lakini ndio niliofundishia. Mtoto wa darasa la kwanza hasomi ubao, anasoma mdomo wa mwalimu. Unafumba midomo, anafumba. Unaiachia, ba, naye anaiachia, ba, na macho yake yanakuwa makubwa kwa sababu ameshika neno.

Basi nikangoja. Miezi sita baadaye mashine iligonga tena, na punje ilikuwa imekua. Daktari alisema tukichelewa upasuaji utakuwa mgumu zaidi, na hatari ya uso itaongezeka, haitapungua. Hii ndiyo hesabu iliyonishinda: nilikuwa nangoja ili niulinde uso, na kungoja kwenyewe ndiko kulikokuwa kunauharibu. Nilipanda basi kwenda Mikumi kabla hata sijamwambia mama. Kabula alikuwa anakaanga samaki. Alinisikiliza akiwa ameelekeza sikio bovu kwenye karai, zima kwangu.

"Nakwenda," nikasema.

Aligeuza samaki wote mpaka wa mwisho. "Basi tangulia wewe," alisema. "Mimi nitakutazama. Ukirudi salama, naweka banda mikononi mwa mdogo wangu, nakufuata."

"Na nisiporudi salama?"

"Utarudi, mdogo wangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuacha kuniita mwalimu. "Usinitishe. Nakutegemea."

Nakumbuka kidogo sana hospitali ile. Dari yenye ufa. Mama akisali chini kati ya vitanda viwili. Nilipozinduka kichwa kilikuwa kizito kama gunia lililolowa, na nesi aliniambia nitabasamu. Nikatabasamu. Akasema, "Vizuri," akaandika kitu, hakunitazama tena. Niliuona uso wangu baada ya siku kadhaa, kwenye kioo cha dirisha, nikadhani kuna mtu nje. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka wote, nyusi, shavu, kona ya mdomo, kama kanga iliyochomoka kwenye kamba upande mmoja. Jicho halikufumba. Daktari alikuja akakaa kulia kwangu. Alisema uvimbe ulikuwa umeushika mshipa wa uso kwa nguvu, kwamba waliacha kipande kidogo kwa kuogopa kuukata, na hata hivyo mshipa uliumia. Alisema wakati mwingine uso hurudi baada ya mwaka. Alisema pole, na alilisema kama mtu anayelimaanisha. Nyenje, nilimwambia, bado wanaimba. Akasema ndiyo, hao hawaondoki.

Kilosa walinipokea vizuri, na wema wao ulinichosha. Hakukuwa na pilau. Watu walikuja, wakasema, "Afadhali umetoka salama," wakatazama mlango. Nilijifunza kula upya: chakula kilijificha kwenye shavu lililokufa bila mimi kujua, chai ilichuruzika kidevuni, kwa hiyo nikaanza kula baada ya wengine, jikoni, na kitambaa. Jicho nilikuwa nalipaka dawa na kulifunga kwa plasta nikitaka kulala. Hamisi alikuja kila Ijumaa. Alikaa kulia kwangu, aliongea habari za stesheni, alinitazama usoni kwa juhudi ambayo ilinitia uchungu kuliko kama asingenitazama. Kisha akawa anakuja Ijumaa moja na kuacha moja. Hakuna siku aliyosema neno la kuachana. Posa ilirudishwa na wazee kwa maneno mazuri, na aliyelia kuliko wote siku ile alikuwa yeye, nilimsikia uani. Sasa ana mke na watoto wakubwa, na tukikutana sokoni husimama upande ninaosikia.

Shuleni walinirudishia darasa langu. Nilisimama mbele ya watoto wapya, nikaandika ubaoni, nikageuka. Nilifumba midomo kwa ajili ya ba, na midomo haikufumba. Hewa ikatoka pembeni. Watoto wakanitazama midomoni kama watoto wanavyopaswa kufanya, na wote kwa pamoja, kwa utii kabisa, wakapindisha vinywa vyao upande wa kushoto, wakatoa hewa. Hawakuwa wananikebehi. Walikuwa wanasoma. Nilijaribu kuubana mdomo kwa kidole, ikatoka ba, nao wakaweka vidole midomoni. Nikamaliza kipindi. Mchana nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, nikaomba kuhamishiwa hisabati ya madarasa ya juu, ambako watoto wanatazama ubao. Aliandika barua saa ileile, bila kuniuliza sababu.

Ilinichukua miezi kupata nguvu ya kwenda Mikumi. Nilikuwa nimemwambia Kabula kwa simu kwamba nimerudi, sikumwambia zaidi, naye hakuuliza, akasema tu, "Njoo nikuone." Nilifika wakati wa chakula cha mchana, madereva wamejaa. Aliinua macho kutoka kwenye sufuria. Nilimwona akiniona. Haikuchukua muda, lakini nimeishi na kitambo kile kuliko nilivyoishi na mambo mengi marefu: macho yake yalianza kwenye paji, yakashuka upande wa kushoto, yakafika mdomoni, yakabaki hapo. Kisha akaweka mwiko chini, akamwachia mdogo wake banda, akanishika mkono, akaniingiza kwenye chumba cha mabati. Alinipikia uji mzito, kwa sababu alikuwa ameshafikiri kwamba mchuzi ungenitoka. Alinilisha kijiko cha kwanza kwa mkono wake, kisha akaniachia bakuli.

"Inauma?"

"Hapana. Haisikii kitu."

"Na Hamisi?"

Nikatikisa kichwa. Lori likapita, masufuria yakaimba, tukangoja.

"Dada, nenda hivyo hivyo," nikasema. "Wako ni mkubwa. Daktari amesema huna muda. Uso si uhai."

Alinitazama kwa upendo. Sijawahi kutilia shaka hilo. "Mdogo wangu," alisema, "nilisema utangulie nikutazame. Nimekutazama." Akachukua kanga yake akanifuta kidevu. "Mimi sitakwenda."

Nilimwomba siku ile, na miaka mingine yote. Daktari naye alimpigia simu, tena na tena, mpaka Kabula akabadilisha namba. Nilimleta mama yangu amwombe, nikamleta mchungaji wake. Kila mtu aliyemsemesha, Kabula alimsikiliza kwa adabu, akampa chakula, na mimi nikiwa nimekaa pale pembeni na uso wangu, nikiyafuta maneno yangu yote kwa kuonekana tu. Na kwa muda mrefu alikuwa na haki. Aliuza chakula, alisomesha watoto, alicheka na madereva kwa mdomo mzima. Miaka ilipita ambayo ukituweka kwenye benchi ungesema yeye ndiye aliyechagua vizuri. Kisha akaanza kushika kuta. Kisha maumivu ya kichwa ya alfajiri, kutapika, macho kuingia ukungu. Maji yalikuwa yamejaa kichwani. Walimpeleka Dar akiwa amelala. Madaktari wakamwekea mrija wa kuyapunguza, wakasema mengine yamechelewa. Aliishi kitandani miaka miwili baada ya hapo. Nilikuwa nikienda, nakaa kushoto kwake, namsimulia habari za Kilosa, treni mpya, bei za mahindi. Alikuwa akipapasa uso wangu kwa vidole kwa sababu hakuuona tena, na siku moja alisema, "Kumbe ni laini tu." Nikajua ninachopaswa kusikia katika maneno hayo, na nikakataa kukisikia, nikamwekea mto vizuri.

Uso wangu haukurudi. Kipande kile walichokiacha kilikaa kimya miaka mingi, na mwaka jana kipimo kilionyesha kwamba kimeamka. Daktari wa sasa ni kijana, ana kompyuta badala ya taa. Alinipa njia zilezile tatu, kwa mpangilio uleule: kungoja, kisu, mionzi. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa amejiandaa vizuri. Nikamwambia nitangoja. Akaniuliza kama nina hakika, nikasema sina. Sitaki kujipamba kwa kusema kwamba nimepata busara. Nimechoka tu, na njia ile niliyokwenda naijua inakofika, na sasa, baada ya Jumamosi, naijua na hii nyingine.

Mazishi yalipokwisha wanawake walipakua wali. Limi, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na ndiye anayeendesha banda, aliniletea sahani mwenyewe. Alinipigia goti. "Shikamoo, mama mdogo." Nikaitika. Akakaa. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, na alikuwa na swali, niliona analitafuna.

"Mama mdogo, mama mkubwa mmoja ameniambia jambo jana," alisema. "Kwamba mama alikuwa apasuliwe zamani, mimi nikiwa mdogo, akakataa. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini alikataa?"

Ningeweza kusema ni Mungu. Wengi siku ile walikuwa wakisema hivyo na hakuna aliyewalaumu. Lakini alikuwa mtoto wa Kabula. "Aliuona uso wangu," nikamwambia. "Mimi nilitangulia, nikarudi hivi. Akaogopa kuwa hivi."

Limi alinitazama. Alianza kwenye paji, akashuka, jicho lisilofumba, shavu, mdomo, akitafuta kwa bidii kama mtu aliyetumwa kitu ndani ya nyumba na hakioni. Alikuwa na miaka mitano nilipotoka hospitali. Hakumbuki uso wangu mwingine.

"Kuwaje, mama mdogo?" aliuliza.